Kona ya Kola

Binti yangu alijifunza kupiga gitaa kwa mguu wangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nitaeleza ilivyokuwa, hatua kwa hatua, na nikifika mwisho itaonekana kwamba hapana la kujisifia.

Tulikuwa tukiishi watatu katika nyumba ya vyumba viwili: mimi, binti yangu, na wifi yangu, ambaye ni dada wa marehemu mume wangu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha, meza ya kukatia vitambaa ilikaa katikati, na pembeni, juu ya ndoo iliyofudikizwa, alikaa binti yangu na gitaa ambalo mpangaji mmoja wa nyumba ya jirani alilitelekeza alipohama. Lilikuwa na ufa mgongoni, na nyuzi nne badala ya sita. Binti aliuziba ufa kwa gundi ya viatu, akatafuta nyuzi mbili zilizopungua, akaanza kujifunza.

Anayejifunza gitaa anahitaji kitu cha kumshikia mapigo, kama mtoto anayeanza kusimama anavyohitaji ukingo wa kitanda. Wenye uwezo wana vifaa vya kazi hiyo. Binti yangu alikuwa na cherehani. Mimi nilikanyaga, naye akauweka mkono wake juu ya mlio wa mguu wangu. Miaka miwili ilipita hivyo. Nilishona sare za shule, hasa mashati meupe, kwa ajili ya mwenye duka mmoja, na ikawa kila shati linatoka na wimbo wake.

Wifi yangu alikuwa akikaa kizingitini, akizungushia uzi matundu ya vifungo. Alizoea kusema, "Wifi, siku ukifa tutamzika huyu mtoto pamoja na wewe, maana gitaa litanyamaza."

Binti hujibu bila kuinua kichwa, "Shangazi, utatangulia wewe. Ulimi umeshakuchosha."

Tukacheka. Nyumba yetu wakati ule ilikuwa ya kucheka.

Kisha bendi moja ya mjini ikatangaza kwamba inamtafuta mpiga gitaa la ridhimu. Kwa wasiolijua, gitaa la ridhimu si la kujionyesha. Anayelipiga hasikiki mpaka akosee. Yeye ndiye sakafu ambayo wenzake wanachezea juu yake. Binti yangu hakutaka kitu kingine chochote duniani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amemaliza shule, ameomba kazi mahali panne na kukataliwa pote panne, na kila asubuhi alinisaidia kupiga pasi kwa uso wa mtu aliyekaa katika chumba cha kusubiri ambako majina hayaitwi. Nafasi ile ilikuwa moja. Aliniambia, "Mama, nikiikosa hii, mimi basi." Nilimwamini, kwa sababu hakusema kwa kulia. Alisema kwa sauti ya kutaja tarehe.

Kiongozi wa bendi hiyo watu walimwita Dakika. Alikuwa na sharti kwamba binti yeyote anayekuja kujaribiwa aje na mzazi, ili baadaye pasiwe na maneno. Kwa hiyo nilikwenda.

Ukumbi wao wa mazoezi ulikuwa nyuma ya gereji. Kuta zote walikuwa wamezibandika trei za mayai ili sauti isitoke, na sakafuni nyaya zilitapakaa hata ukaogopa kuweka mguu. Walikuwapo wanaume watatu na vyombo vyao, na Dakika mwenyewe, mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi vizuri kiasi kwamba mimi, kwa kuwa ni fundi, nilimheshimu kabla hajafungua mdomo.

Alipoufungua alisema, "Mmechelewa dakika mbili."

"Tulikuwa hapo nje, mzee," binti yangu alisema. "Mlango ulikuwa umefungwa."

"Ulifungwa kwa sababu mmechelewa. Mama, kaa kwenye benchi pale. We binti, simama hapa."

Alichukua kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, akakiweka mezani. Kilikuwa kikigonga: tak, tak, tak, tak. Kilikuwa pia na kitaa chekundu kilichowaka kwa kila pigo, lakini aliugeuza uso wa kile kitaa ukaelekea kwake, ili yeye peke yake akione.

"Piga pamoja nacho," alisema. "Nikikinyamazisha, wewe endelea. Nikikirudisha, nataka nikukute nyumbani. Nisikukute njiani. Umeelewa?"

Binti aliitikia kwa kichwa, akaanza. Mkono wake ulishuka na kila tak, safi kabisa, nami moyoni nikasema ameshapata. Dakika akakizima mlio. Kitaa kikaendelea kuwaka mbele ya macho yake, binti akaendelea kupiga. Baada ya muda akaurudisha mlio, na hapo hata mimi nilisikia: kisanduku kilikuwa mahali pake na binti yangu alikuwa mahali pengine, mbele kabisa, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Tena," alisema Dakika.

Binti alirudia mara tatu. Mara ya tatu Dakika aliwaita wenzake.

"Njooni msikie maajabu. Huyu hakosei ovyo. Anakimbia, anakimbia, halafu anapunguza kama mtu aliyeona shimo, halafu anakimbia tena. Mara tatu, mahali palepale! Mtu anayekosea hakosei kwa mpango. We binti, nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Kwa kufuata nini?"

Binti alinitazama. "Cherehani ya mama."

Kisha yule wa besi aliliweka gitaa lake chini ili acheke kwa nafasi. "Kumbe anashona! Jamani, tumeletewa pindo!"

"Karibu, Pindo!" alisema wa ngoma, na akapiga ngoma yake mara moja kama anayemkaribisha bibi harusi. "Una kipimo changu? Suruali inanipwaya."

Dakika hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimtupia kisanduku, binti akakidaka kwa mikono miwili. "Wiki tatu," alisema. "Si kwa sababu una kipaji. Ni kwa sababu vidole vyako ni visafi na waliokuja kabla yako walikuwa takataka. Ukirudi na hiyo cherehani kichwani, sitakuambia uondoke. Nitawaacha hawa wakuambie."

Njiani binti alinitangulia. Tulipofika nyumbani aliliokota shati nililoliacha nusu, akaliweka chini ya sindano.

"Shona."

"Sasa hivi? Hata viatu hatujavua."

"Shona, mama."

Nilishona kola. Ukingo mrefu wa kola hushonwa kwa mbio, kwa kuwa ni mstari ulionyooka na mguu unajua njia. Ukiikaribia kona unapunguza. Unashika gurudumu kwa mkono, unaingiza mshono mmoja mmoja, unageuza kitambaa, kisha unakimbia tena. Kila fundi anafanya hivyo. Aliyenifundisha mimi alifanya hivyo, na aliyemfundisha yeye pia. Binti yangu alisimama amefumba macho, kisanduku kikigonga mkononi mwake.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umeniharibu. Miaka miwili, mama. Nimekaa kwenye ndoo miaka miwili najifunza kona za mashati."

"Si ungekwenda kujifunzia kwa fundi saa?" wifi yangu alisema kutoka kizingitini.

"Shangazi, leo sitaki utani."

"Basi leo umekuwa mtu mwingine," alisema wifi, akarudi kwenye matundu yake.

Nilimwambia binti aende akafanyie mazoezi chumba cha nyuma. Akanionyesha ukuta wa mbao uliogawa vyumba, ambao ulipitisha hata mtu akijikuna. Nikamwambia basi nitaacha kushona kwa wiki hizo tatu. Wifi akaniuliza kama nimepatwa na homa, kwa kuwa mashati yalitakiwa kabla shule hazijafunguliwa na nilikuwa sijafika hata nusu. Binti akasikiliza yote hayo. Kisha akakiweka kisanduku juu ya meza ya cherehani, karibu na mkono wangu.

"Basi utakwenda nacho," alisema.

Nilikubali. Nilijiona mwenye deni kwake, na nilifikiri kwamba mguu ni kitu kidogo kumpa mwanao.

Tangu siku hiyo kisanduku kikawa mkubwa wa nyumba. Kikigonga, ninakanyaga, na binti, juu ya ndoo yake, anapiga. Kwenye mistari mirefu haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kwenye kona.

"Umepunguza," alisema.

"Kona haigeuki kwa kasi hii, mwanangu."

"Geuza mkono haraka. Mguu usiuguse. Rudia."

"Shati halirudiwi. Likishonwa limeshonwa."

"Fumua."

Nami nikafumua. Nimefumua kola zilizokuwa sawasawa kabisa, mshono kwa mshono, kwa ncha ya mkasi, kwa sababu mguu uliozishona ulikuwa umekosea. Jambo hilo sijawahi kumweleza fundi mwenzangu yeyote, kwa kuwa hakuna ambaye angeamini.

Siku tatu kwa wiki, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nikienda kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, katika shule ya msingi ambayo madawati yake yalitufika magotini. Nilikuwa nimeanza kusoma aya nzima. Nyumbani nilipenda kuisoma kwa sauti, kidole changu kikifuata mstari, na zamani binti alikuwa akinisahihisha kwa upole. Sasa alinisikiliza siku moja, akaweka gitaa chini.

"Hata kusoma kwako ni hivyo hivyo," alisema. "Neno unalolijua unalikimbiza, neno usilolijua unalipanda kama ngazi. Hujui kwenda sawa, mama. Hujawahi kujua. Mimi nilikuwa nasikiliza nini?"

Nilifunga daftari. Baada ya hapo nilisomea jikoni, kwa midomo bila sauti.

Katika wiki ya pili sindano iliniingia. Ilikuwa kwenye kona ya kola, kama ambavyo ingekuwa. Mguu ulishuka na tak kama ulivyoamriwa, mkono wa kushoto ulikuwa bado unageuza kitambaa, na sindano ikapita katika ukucha wa kidole cha shahada ikakatikia ndani. Nilisimamisha cherehani. Kisanduku kikaendelea kugonga.

"Mbona umesimama?"

Niliinua kidole. Alikitazama. Nataka kuwa mkweli kwake: alikitazama vizuri, na uso wake ulibadilika. Kisha akakitazama kisanduku.

"Zimebaki dakika nne," alisema. "Leo nimeingia vizuri, mama, sijawahi kuingia hivi. Tumia mguu tu. Toa kitambaa, kanyaga tupu."

Nikatoa kitambaa. Nikakizungushia kidole kipande cheupe kilichobaki kwenye mkato wa mfuko, nikakibana kwapani, nikakanyaga cherehani tupu dakika nne. Sindano iliyovunjika ilipanda na kushuka bila uzi. Alipomaliza alisema, "Asante," na jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso kama mtu aliyebeba mzigo.

Wifi ndiye aliyekichomoa kipande cha chuma, kwa koleo. Alipokuwa akivuta aliniuliza, "Wifi, huyu mtoto unamlea au unamtumikia?"

"Vuta tu."

"Navuta. Lakini nijibu."

Kidole kilivimba, na kola nilizozishona kwa mkono ule zilitoka na kona za mviringo kama masikio ya mbwa. Mwenye duka alirudisha ishirini. Aliniambia mbele ya wateja kwamba macho yangu yamezeeka, na nikamwacha aamini hivyo.

Hata hivyo binti yangu aliendelea mbele, hilo siwezi kulikana. Alikizima kisanduku mlio, akaendelea kupiga, akakirudisha, akajikuta nyumbani. Mara moja, kisha mara tano, kisha kila mara. Lakini nilitambua jambo. Hakuwa akisikiliza tu. Alikuwa akitazama mguu wangu. Mguu wangu ulikuwa umeshayameza mapigo yale kiasi kwamba kisanduku kikinyamaza haukujua kuwa kimenyamaza. Siku moja niliporudi kutoka darasani nikamkuta ameketi na mikono imelegea, aliniambia amejaribu peke yake mchana kutwa na hakufika nyumbani hata mara moja. Hakuwa amenitazama usoni kwa wiki mbili. Alichotazama ni mguu.

Asubuhi ya kujaribiwa mara ya pili alinikagua mlangoni. Aliniondolea vipande vya uzi begani na kwenye pindo la gauni, kimoja kimoja.

"Utakaa kwenye benchi lile lile," alisema. "Mguu uwe mahali ninapouona. Usikanyage kwa kelele, inua na ushushe tu. Wakiuliza kidole, sema mlango."

"Nitasema mlango."

"Na mama, tafadhali, usiwasalimie salamu ndefu. Wale si wateja."

Wifi alitusindikiza hadi barabarani. Alimshika binti shavu. "Nenda ukawanyamazishe. Wakikuita Pindo, waambie pindo ndilo linaloshikilia nguo."

Binti alitabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu la mwisho nililoliona siku hiyo.

Tulifika kabla ya wakati. Dakika aliangalia saa yake kwa masikitiko, kama mtu aliyenyimwa haki yake, akatuingiza. Wanaume watatu walikuwa mahali pao. "Pindo karudi!" alisema wa ngoma. "Suruali yangu bado, lakini sina haraka."

Nilikaa kwenye benchi, nikauweka mguu wa kulia mbele, mahali penye mwanga. Binti alisimama, gitaa begani. Dakika alikiweka kisanduku mezani, kitaa kikielekea kwake, na akawa amenipa mimi mgongo.

"Kabla hatujaanza," alisema, "bado unajifunza kwa cherehani?"

"Hapana, mzee."

"Nani amekusaidia?"

"Hakuna mtu. Nimefanya mwenyewe."

"Na mama yako? Nakumbuka ulisema yeye ndiye mwalimu."

Binti aliwatupia jicho wenye vyombo. Wanaume wale walikuwa wakisubiri, midomo tayari. Sijui kama angeweza kusema neno lingine. Nimemtafutia neno lingine mara nyingi, na mengine niliyapata, lakini mimi nilikuwa nimekaa na yeye alikuwa amesimama.

"Mama?" alisema. Akacheka kwanza, ili wao wasimtangulie. "Mama ni fundi tu, mzee. Hata kuhesabu ameanza juzi, darasa la watu wazima. Akifika kumi anapumzika."

Walicheka wote, safari hii pamoja naye. Wa besi aligeuka akaniangalia ili aone mtu anayepumzika kwenye kumi. Nilimtazama. Kidole changu kilikuwa kikipwita ndani ya kitambaa, na nilitambua kwamba kilipwita kwa mwendo wake wenyewe, usiofuata kisanduku.

"Haya," alisema Dakika. Tak, tak, tak, tak.

Binti akaanza. Mguu wangu ukaanza pia, bila kuniuliza. Tulikwenda sawa, na wale watatu, hata wa ngoma, wakaacha kutafuta utani wakaanza kusikiliza. Niliwaona wakitazamana. Wa ngoma aliinamisha kichwa kidogo, kwa namna ambayo mtu hufanya anapoona kazi nzuri na hataki kuonekana ameiona.

Dakika akakizima mlio.

Macho ya binti yangu yalishuka hadi kwenye mguu wangu yakatulia hapo. Mguu ulipanda, ukashuka. Mkono wake ulipanda, ukashuka. Kwa muda ule alikuwa mikononi mwangu kuliko alivyokuwa siku nilipomzaa. Nilihesabu. Nilihesabu hadi kumi na sikupumzika. Nilihesabu hadi kumi na sita, ambapo mstari mrefu wa kola unaishia.

Hapo nikapunguza.

Sikusahau, na sikuchoka. Watu wameniambia kwamba mguu wa fundi hauwezi kuacha tabia yake, na mimi nimeitikia kwa kichwa. Si kweli. Mguu wangu haukuwa na tabia hiyo tena. Wiki tatu zilikuwa zimeiua. Nilijua pigo liko wapi, na ili niliache ilinibidi nilijue kwa uhakika kuliko siku zote. Niliuinua mguu nikaukawiza hewani, kama anayeshika gurudumu. Nikaushusha. Nikaukawiza tena. Binti yangu alinifuata, mshono kwa mshono, kwa imani ambayo hakuwahi kunionyesha katika jambo lingine. Tuligeuka kona pamoja.

Dakika akaurudisha mlio.

Tak iliangukia patupu. Mkono wa binti ulishuka baadaye, peke yake. Tak nyingine, na mkono nyuma yake, kama mtu anayelikimbilia gari lililokwisha kuondoka. Alijaribu kulifikia, akalipita, akasimama. Kisanduku kikaendelea.

Dakika alikizima. Hakusema neno, kama alivyoahidi. Aligeuka tu akawatazama wale watatu.

"Pindo ni pindo," alisema wa besi, polepole, kwa sauti ambayo haikuwa hata na furaha. "Nenda nyumbani, dada. Huna mapigo. Wengine hawana masikio, wengine hawana sauti, wewe huna mapigo. Si dhambi."

"Na hicho kisanduku tuachie," alisema wa ngoma.

Tulitembea hadi nyumbani. Nilisubiri aniseme. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga majibu: kidole, cherehani tupu, kola nilizozifumua, juu ya yote lile neno la kumi. Nilikuwa na mengi na yote yalikuwa ya kweli. Alifungua mlango, akalitundika gitaa kwenye msumari nyuma yake, akakaa chini sakafuni karibu na miguu yangu.

"Mama, nionyeshe kidole."

Nilimwonyesha. Alikifungua kile kitambaa, akachemsha maji, akatia chumvi, akakiosha bila kuharakisha, akakifunga upya kwa kipande safi. Machozi yake yalidondokea kwenye kiganja changu.

"Nisamehe," alisema. "Nimekutesa bure. Na kule nimekusema vibaya, mbele ya watu, wakati wewe mguu wako ulikuwa pale unanisaidia. Ulikwenda sawa mpaka mwisho, mama. Mimi ndiye niliyepotea. Nilikuwa nakutazama na bado nikapotea. Kweli sina mapigo."

Wifi alikuwa amesimama kizingitini, sindano mkononi. Alinitazama, akaona kitu usoni pangu, kwa kuwa amenijua tangu nikiwa msichana. Akangoja niseme.

Nilifungua mdomo. Nafasi ilikuwa pana. Hata mtoto angepita. Nikasema, "Pole, mwanangu. Ndiyo dunia."

Wifi akarudi kukaa. Hakunitania tena tangu siku hiyo, na mtu aliyezoea kutaniwa anajua adhabu hiyo ilivyo.

Kidole changu kilipona kikiwa kimekufa ganzi, hakijui tena tofauti ya kitambaa na kitambaa. Kwa hiyo sasa anashona yeye. Mimi nimekaa kizingitini na wifi, natoboa matundu ya vifungo, na jioni nasoma kwa sauti kadiri nipendavyo. Hakuna anayenisahihisha, binti anasema nasoma vizuri. Mwenye duka anamsifu. Wateja wanamwita Fundi Pindo, kwa kuwa maneno ya gereji hayakukaa gerejini, na anaitika bila kuinua kichwa. Wakimuuliza gitaa la nini pale nyuma ya mlango, anajibu, "Nilijaribu. Sina mapigo," kwa sauti ya kutaja tarehe.

Nami namsikiliza. Nimesikiliza mwaka mzima, nikihesabu kimoyomoyo huku natoboa. Anakanyaga mwendo ule ule wa kisanduku, asubuhi hadi jioni, akiwa na shati la kwanza au la hamsini, akizungumza au akinyamaza. Nikiondoka kwenda sokoni namwacha katikati ya hesabu, naendelea kuhesabu njiani. Nikirudi namkuta nyumbani. Hajawahi kukosea. Na kola zake zina kona kali, ambazo mimi katika umri wangu wote sikuziweza, kwa sababu hageuzi kama tulivyofundishwa. Mkono wake unaruka, mguu hauguswi.

Jana niliona ncha ya kidole chake ikipita karibu na sindano, karibu sana, nikashindwa kujizuia.

"Punguza kwenye kona, mwanangu. Utajichoma."

"Siwezi, mama," alisema, na cherehani haikusita. "Mguu unakataa."